Jicho la Kushoto na Wanne wa Paani

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa macho amesema niandike. Kila siku, hata mstari mmoja: nimeona nini, nimeshindwa kuona nini, kichwa kimeuma au hakikuuma. Ni kijana bado, anaongea taratibu kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Aliweka kiganja usoni pangu akaniuliza ananionyesha vidole vingapi. Nikamwambia atoe mkono kwanza ndipo nivione. Akasema, "Mama, nimefunika jicho la kushoto tu. La kulia liko wazi."

Ndivyo nilivyojua kwamba jicho la kulia limekufa. Sijui lilikufa lini. Halikuaga.

Ni presha ya macho. Imekula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilicholiwa hakirudi. La kushoto limebakiwa na tundu katikati, pembeni kote kumefungwa. "Unaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo," akasema. Nikamjibu kwamba mimi sichungulii, naona kama kawaida. Akaniandikia matone ya asubuhi na jioni.

Binti yangu alinisindikiza. Muda wote tuliokaa kwenye benchi alikuwa ameinamia kitabu cha katuni kinene kama tofali. Kidato cha tatu, mitihani mlangoni, yeye na katuni! Nikamwambia aone aibu mbele za watu. Akasema, "Si katuni, Mama. Ni riwaya ya picha." Nikamwambia hata kikiitwa mheshimiwa, ni katuni.

Mvua imeanza tukiwa njiani kurudi.

Jumanne, 4 Machi

Matone yanachoma. Mvua.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini sijamwambia mtu. Nakaa dirisha la kwanza la chumba cha dawa. Mgonjwa anapitisha cheti chini ya kioo, nakisoma, nageukia rafu, nahesabu vidonge kwenye sinia, navitia kwenye bahasha, naandika viwili mara tatu, namweleza, anaondoka, anakuja mwingine. Miaka yote hii mikono inakwenda yenyewe.

Dirisha la pili yupo mwenzangu tunayemwita Bwana Pole, kwa sababu kila anayefika mbele yake, hata aliyefuata vitamini, anamwambia pole, pole sana. Leo nimegonga bega kwenye mlango wa kabati ulioachwa wazi. Akasema pole. Nilitamani nimfungie yeye ndani ya hilo kabati.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu kuendelea na riwaya yangu ya mapenzi. Nikimaliza mstari, jicho likirudi kushoto kutafuta mstari unaofuata, halioni kitu. Limetua juu yake, au chini yake. Nimerudia aya moja mpaka bibi harusi akawa ameolewa na kuachika mahali hapo hapo. Nikaitupa kwenye kiti.

Kitabu cha binti kilikuwa mezani. Nikakivuta, shabaha yangu ikiwa kumwonyesha upuuzi uliomo. Sikuambulia kitu. Msichana anajibu swali ambalo hajaulizwa. Mvulana anaanguka kabla hajapanda. Nikamwita binti, nikamwambia kitabu chako wamekichapa ovyo, mambo yamechanganyika. Akaja, akatazama kidole changu kinavyotembea, akakaa chini kwa kucheka.

"Mama, unaporomoka moja kwa moja kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi! Nenda kushoto mpaka kulia kwanza, ndipo ushuke."

Akanifundisha. Kila picha iko kwenye kisanduku chake. Povu lenye mkia ni maneno, na mkia unamwelekea anayesema. Povu linalofuatwa na vitone ni mawazo. Lenye miiba ni kelele.

"Na huu weupe kati ya kisanduku na kisanduku?"

"Hapo kuna kitu kimetokea hawajakichora. Unakijaza mwenyewe."

Nikasema basi wachoraji wenyewe wavivu. Lakini alipoingia jikoni nilisoma kurasa chache zaidi, na sikumwambia kwamba kila kisanduku kiliingia chote kwenye jicho langu. Hakuna kilichobaki nje.

Jumatatu, 10 Machi

Kichwa kimeuma. Nimesoma kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Kinaitwa *Wanne wa Paani*. Ni vijana wanne wanaokutana juu ya paa la jengo lililohamwa, kila mmoja ana uwezo wake, na hakuna hata mmoja anayefurahia uwezo huo. Unyoya akihuzunika anakuwa mwepesi, miguu inaachana na ardhi, kwa hiyo anatembea na mawe mifukoni ili asipeperuke mbele ya watu. Kibiriti akisema uongo viganja vinawaka moto. Tulia anaweza kusimamisha kila kitu kwa muda wa pumzi moja, gari, risasi, jiwe lililorushwa, ila kila akifanya hivyo anasahau jambo moja la maisha yake na hajui ni lipi. Wa nne ni Donda. Akikushika, kidonda chako kinahamia kwake.

Huyo Donda amenikera. Watu wanampigia makofi, na mtoto anavuja damu. Apelekwe akafungwe bandeji, makofi yatangoja! Nilimwambia binti hivyo. Akanitazama muda, akasema, "Mama, umefika sura ya tatu?"

Nikamwambia nilikuwa napangusa meza, kikafunguka.

Viganja vyangu havikuwaka.

Jumamosi, 15 Machi

Dada yangu mkubwa amekuja, amenikuta dirishani na kitabu. Alikigeuza huku na huku. "Mwanamke mzima unasoma watu wanaoruka?" Nikamwambia ni mmoja tu anayeruka, na harukiruki, anaelea. Akasema, "Haya, macho yatangulie, akili ifuate." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Alipoaga nilimnyooshea mkono upande ambao hakuwapo.

Hakucheka tena.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Njia yote ni madimbwi na sioni miguu yangu. Ninatembea kama niliyekodishiwa mwili.

Ijumaa, 21 Machi

Bwana Pole ananichunguza. Nikigeuka namkuta amesimama karibu na dirisha langu, anapanga maboksi ambayo yamekwisha pangwa. Leo mgonjwa wangu alipoondoka, naye akatoka nyuma yake, eti anakwenda kunywa maji. Hii ni mara ya ngapi? Anatafuta la kusema kwa bosi. Watu wapole ndio wa kuogopa.

Bosi wetu, mfamasia mkuu, aliniuliza kwenye korido kama niko sawa. Nikasema niko salama kabisa. Nilimfikiria Kibiriti, nikaficha mikono nyuma.

Jumatatu, 24 Machi

Nimerudi kwa daktari. Mashine ile ya kuingiza kichwa, vitaa vinawaka huku na huku, ukikiona kimoja unabonyeza kitufe. Nilikaa nangoja vitaa vianze. Muuguzi akasema, "Mama, tumeshamaliza."

Ijumaa, 28 Machi

Ninakwenda polepole makusudi. Kisanduku kimoja nakikalia muda mrefu, kwa sababu nimegundua hawa wachoraji wanaweka mambo pembeni: paka kwenye bomba, kiatu kisicho na kamba, mama yake Unyoya nyuma ya pazia, anamwona mwanawe akijaza mawe mifukoni na hasemi kitu. Huyo mama yuko kwenye visanduku vingi, mdogo sana, nyuma kabisa. Binti hakuwahi kumwona. Nilimwonyesha akapiga kelele, "Mama! Umemtoa wapi?"

Mimi kipofu mtarajiwa nimemwonyesha kitu mwenye macho. Nilifurahi mno. Niandike hilo pia, daktari alisema niandike yote.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekosea nyumba. Niligonga mlango wa jirani nikamgombeza kwa nini hafungui.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua usiku na mchana. Presha ya jicho haijashuka. Daktari kabadilisha matone.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi. Nianzie rafu.

Vidonge vya presha ya damu vinakaa rafu ya pili, kopo la tatu. Vya sukari vinakaa kando yake. Vyote vidogo, vyote vyeupe, makopo yanafanana kama ndugu. Miaka yote sikuhitaji kusoma, mkono ulikuwa unajua. Jana jioni kulikuja mzigo mpya, makopo yakasogezwa. Kila mtu aliona yamesogezwa. Mimi niliona tundu langu tu, na ndani ya tundu kulikuwa na kopo jeupe.

Alikuja bibi mmoja na kitambaa cha kijani kichwani. Anaugua presha, anachukua dawa kwangu kila mwezi, ananiita mkwe kwa utani, ana mjukuu ambaye anataka amwoe binti yangu. Leo alisema, "Mkwe, umekonda, au huko kwenu hamli?" Nikamwambia tunangoja mahari yake ndipo tule. Akacheka, akachukua bahasha. Dirisha la pili lilikuwa tupu, Bwana Pole alikuwa ameitwa stoo kupokea mzigo uliobaki.

Mchana walimleta. Mwanawe na dereva wamembeba, kitambaa kimefunguka, jasho linamtiririka kama aliyetolewa kisimani, macho yamegeuka, meno yameumana. Alikuwa amemeza vidonge alipofika nyumbani, tumbo likiwa tupu. Nilisikia sauti ya mwanawe kwenye korido: "Amekunywa dawa zenu! Amekunywa dawa zenu tu!" Daktari wa zamu akamchoma kidole kupima, sukari imeshuka karibu kwisha. Wakamtundikia dripu ya sukari haraka haraka.

Bwana Pole ndiye aliyeichukua bahasha kutoka kwa mwanawe. Alimimina vidonge kwenye kiganja, akavitazama, akanitazama. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakumpa mtu pole.

"Mwandiko ni wako," akasema.

"Ni wangu."

"Ulisoma kopo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilisema, "Sikuliona."

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa bosi. Nilimwona mgongo wake kwenye tundu langu, shati la bluu, mpaka likatoka nje ya tundu.

Bibi alizinduka baada ya muda. Nilikwenda wodini, nikasimama miguuni kwa kitanda. Mwanawe hakutaka nisogee. Bibi mwenyewe akanyoosha mkono, akauliza, "Nani huyo? Ni mkwe?" Nikatoka nikiupapasa ukuta mbele ya watu wote, na sikujali tena nani ananiona.

Bosi alinikalisha. Hakufoka, na hilo ndilo baya zaidi. Aliuliza tangu lini. Nikamwambia tangu mwanzo wa mvua. Aliuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia kwa sababu ningesema, ningekuwa mtu niliye sasa. Alinitaka nivue koti jeupe niliache kwenye kiti.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikutoka kitandani.

Ijumaa, 11 Aprili

Vilevile.

Jumapili, 13 Aprili

Binti ameniwekea kitabu mapajani. Nikakisukuma. Nikamwambia watoto wenye miujiza ni wa kuchekesha watu, duniani kuna vikopo viwili vyeupe na mjinga mmoja. Akasema, "Bibi ametoka hospitali, Mama. Yuko kwake. Nilikwenda kumwona." Nikamuuliza amesema nini. "Amesema hataki tena dawa za mtu yeyote."

Basi. Hilo nimelifanya mimi. Mtu aliyekuwa anakunywa dawa zake bila kukosa.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Tundu limepungua. Zamani uso wa binti uliingia wote. Sasa nachagua: macho au mdomo.

Alhamisi, 17 Aprili

Daktari amesema matone yameshindwa. Kimebaki kisu: kufungua mfereji mdogo jichoni ili maji yapate pa kutokea, presha ishuke. Nikamuuliza nitaona zaidi? Hapana. Lengo ni kubakiza nilicho nacho. "Na kwa jicho lililofika hapa," akasema, akaanza kuipanga kalamu yake mezani, "mara chache, baada ya upasuaji, kile kidogo kilichobaki nacho kinazimika."

"Kinazimika ndiyo nini?"

"Kinazimika, Mama."

"Nisipopasuliwa?"

"Kitazimika tu. Miezi kadhaa. Labda mapema zaidi."

Binti alikuwa amenishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniuma. Nikasema nipangie siku. Tukatoka tukasimama barazani kungoja mvua ipungue. Binti akasema, "Mama, si lazima." Nikamwambia nimekaa dirishani maisha yangu yote nikiwaambia watu dawa ina madhara yake, meza hivyo hivyo.

Jumapili, 20 Aprili

Nimekichukua kitabu mwenyewe. Sikuomba msamaha kwa mtu, hata kwa Donda.

Sasa kisanduku hakiingii tena chote. Nakisafiria kipande kwa kipande, kona mpaka kona, halafu nakiunganisha kichwani. Ukurasa mmoja unanichukua muda wa kupika maharage. Lakini sijawahi kusoma kitu kwa uroho namna hii. Wana adui yao, Bwana Kimya, anayekusanya sauti za watu kwenye chupa, na mji mzima umekuwa bubu: kurasa nzima hazina povu hata moja. Mtu anafungua mdomo, juu yake hewa. Sikujua kwamba ukimya unaweza kuchorwa. Nikawa nasikia mvua yetu ya huku nje kama ndiyo iliyobaki peke yake duniani.

Jumatano, 23 Aprili

Tulia amemsahau mdogo wake. Amesimamisha lori lililokuwa linamgonga, amemwokoa, halafu amemgeukia akamuuliza, "Wewe ni nani?" Nimelia. Kwa ajili ya wino! Binti alinikuta, akadhani ni jicho linauma, akakimbilia matone.

Ijumaa, 25 Aprili

Dada amekuja kukaa nasi mpaka upasuaji upite. Ameniuliza yule anayeelea amefikia wapi. Nikamsimulia yote, jioni nzima, na yeye anachambua mchele akisema "wacha!" na "mshenzi huyo!" Mwishoni akasema, "Ila huyo mama nyuma ya pazia simpendi. Anajua na kanyamaza." Nikasema labda anaogopa akisema, mtoto atakuwa mzito wa aibu. Dada akasema, "Si ndiyo nafuu? Angeacha kuelea."

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemaliza.

Kesho ni kisu, kwa hiyo leo nilijifungia na kitabu kuanzia asubuhi. Wanne walishinda, lakini si kama nilivyodhani. Hakuna aliyempiga mtu. Unyoya alitoa mawe mifukoni, moja moja, kila jiwe na kisanduku chake, akapaa mpaka kwenye mnara walikopangwa chupa zote, akazisukuma chini. Na kwenye ukurasa unaofuata wamechora mji mzima, pande zote mbili za kitabu, sauti zimerudi, mapovu yamejaa mpaka hakuna pa kuweka kidole: "Mwanangu!" "Shika!" "Nani kaacha jiko?" "Nakudai wewe!" "Mama!" Mtu anacheka tu, ha ha ha, kwenye kona. Niliusafiri ukurasa ule kama mtu anayetafuta jamaa sokoni. Nikampata mama yake Unyoya. Ameketi kwenye ngazi, amenyanyua uso juu, na povu lake liko tupu. Hawakumwandikia kitu. Hajui aseme nini.

Nilikaa naye mpaka mwanga ukapungua dirishani. Sikumbuki lini nilikuwa na furaha hivyo. Nilijiona mwizi, kuwa na furaha kesho ikiwa ni kisu.

Jumatatu, 5 Mei

Huu ni mwandiko wa binti yangu. Mimi nasema, yeye anaandika.

Walifungua bandeji Jumatano. Daktari akauliza naona nini. Nikamwambia hujafungua bado. Dada akaanza kulia upande wa mlango.

Sina la kuongeza.

Alhamisi, 8 Mei

Daktari alikuja mwenyewe mpaka nyumbani. Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja kitu cha watu. Nilimwambia si kosa lake. Nilisema hivyo ili aondoke.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua. Naisikia tu. Nimemwambia binti aandike: leo hakuna.

Jumanne, 13 Mei

Leo hakuna.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwaga uji wa moto mguuni. Nimempigia binti kelele kwa kosa la sufuria. Akajifungia chumbani. Dada akasema, "Mtoto huyu ana mitihani, anakuogesha, anakuandikia, na bado unamfokea." Nikamwambia basi anipeleke kwake yeye. Akasema atanipeleka. Hatukuongea tena.

Naamka asubuhi nafungua macho, na kwa dakika ile ya kwanza nangoja. Kila siku nangoja. Hilo ndilo linaloniua, si giza lenyewe.

Ijumaa, 23 Mei

Bwana Pole amekuja. Nilimjua kwa viatu vyake, vinalia kama bata. Nilimwambia dada aseme nimelala. Akaingia hivyo hivyo, akavuta kiti akakaa.

"Umekuja kuona kazi yako?" nikamuuliza.

"Nimekuja kukwambia bibi anakunywa dawa tena. Nampelekea mwenyewe nyumbani, namhesabia mbele ya macho yake. Imechukua muda."

Nikamshukuru kwa shingo upande. Halafu nikamuuliza lile lililonikaa kooni: kwa nini alikuwa ananipeleleza tangu mvua zianze.

"Sikuwa nakupeleleza. Nilikuwa nawafuata wagonjwa wako korido, nafungua bahasha, naangalia. Nyingine nilibadilisha."

"Nyingi?"

"Za kutosha."

"Ungeniambia!"

"Nilijua nikikwambia utaondoka. Nikadhani naweza kuwa macho yako mpaka upone. Siku ile wakaniita stoo. Nilipokwenda kwa bosi, nilijishtaki na mimi. Nimehamishiwa stoo. Sikai tena dirishani."

Sikulijua hilo. Nilimchukia wiki zote hizi, kumbe alikuwa anajimaliza kwa ajili yangu, na kwa kunihurumia alikaribia kumuua bibi, kama mimi nilivyokaribia kumuua kwa kuogopa. Tulikaa, wajinga wawili, mvua inagonga bati. Alipoaga akasema pole. Niliipokea.

Jumatano, 28 Mei

Dada amerudi kwake. Tulipatana mlangoni. Mvua zimepungua.

Jumamosi, 7 Juni

Binti ameazima kitabu cha pili cha *Wanne wa Paani* kwa mwenzake wa darasani. Hakuniuliza kama nataka. Akakaa kando yangu akaanza.

"Unyoya amesimama juu ya paa. Halafu Kibiriti anakuja. Anasema—"

"Amesimamaje?"

"Amesimama tu."

"Hakuna mtu anayesimama tu! Mikono iko wapi? Anaangalia wapi? Nyuma yake kuna nini?"

"Kuna… majengo."

"Majengo gani? Yana taa? Kuna mtu dirishani?"

Alijaribu. Akasema mkono mmoja uko hivi, nikamwambia hivi ndiyo vipi, akashika mkono wangu akauweka hivyo, nikamnyang'anya mkono wangu. Nikamwambia aache. Nikamwambia hajui kutazama, ana macho mawili mazima na hayamfai kitu, na mimi kitabu cha picha sasa kinanifaa kama kitana kwa mwenye upara. Akaweka kitabu chini. Nilisikia anavuta pumzi vile alivyokuwa akivuta utotoni akijizuia kulia.

"Mwenzio najifunza, Mama," akasema. "Na wewe ulianza kwa kuporomoka kwenye ngazi."

Jumapili, 8 Juni

Alianza tena leo baada ya chakula. Hakuniomba ruhusa.

Alikwenda polepole. Kabla ya kusoma povu lolote alinieleza kisanduku kutoka kona mpaka kona: mwanga unatokea upande gani, nani yuko nyuma, nani amekatwa nusu na ukingo. Akikosa neno alinichorea kwa kidole mgongoni. Kuna mahali alisema, "Subiri, kuna mtu hapa sikumwona," akafurahi mwenyewe. Sehemu nyingi sikuona kitu kichwani, ilikuwa maneno tu yanapita. Sehemu chache niliona. Sitasema zaidi ya hapo, sitaki mtu aje kuniambia nimepona.

Tukafika karibu na mwisho wa sura ya kwanza, Tulia yuko kwenye handaki, anamkimbia mtu. Binti akafunua ukurasa. Akarudi nyuma, akafunua tena.

"Umeruka?" nikamuuliza.

"Sijaruka." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama, ukurasa huu hauna kitu. Wameupaka wote rangi nyeusi, juu mpaka chini, na wa pili wake pia. Hakuna visanduku. Hakuna povu. Sijui nikwambie nini."

Nikanyoosha mkono, akauongoza mpaka kwenye karatasi. Nikapitisha kiganja kutoka ukingo mpaka ukingo. Ilikuwa laini, baridi kidogo.

"Huu nauona," nikamwambia.

Hakucheka, na mimi sikuwa nafanya mzaha. Tuliutazama pamoja, mimi na yeye, muda ambao ukurasa kama ule unastahili. Kisha nikamwambia afunue unaofuata.